Angola, jirani yetu mwenye bahari: tunamjua kwa lipi zaidi ya almasi na vita?

Mtoto_wa_Gare (Lubumbashi, Kamalondo)

Wandugu, yambo yenu wote.

Humu ndani nimesoma nyuzi nyingi za Dar, za Mombasa na za Unguja. Ninazifurahia, maana lugha hii tunayoandikia ilitujia kutoka upande ule. Ila mimi nimezaliwa katika nyumba ya mtu wa reli. Marehemu baba alikuwa dereva wa treni, na njia yake ilikuwa Tenke, Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji, Dilolo. Kwetu, mtu akisema fulani ameteremka baharini, hakuna aliyeangalia mashariki. Bahari ilikuwa Lobito, nchini Angola, kule reli inakoishia.

Juu ya kabati la mama kulikuwa na ganda la konokono wa baharini, kubwa kama ngumi ya mtoto, jeupe kwa nje, na kwa ndani lina rangi ya ufizi. Baba aliletewa na mwenzake wa upande wa Angola kabla ya 1975, mwaka ambao vita viliifunga ile reli. Tulikuwa tunapangana foleni kulibandika sikioni.

Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia. Nikiwauliza wanafunzi wangu habari za Tanzania, wananitajia Kariakoo, Tunduma, Zanzibar, wasanii, timu za mpira. Nikisema Angola, darasa linanyamaza, halafu mmoja anasema "almasi", mwingine anasema "wanafukuza watu". Basi. Na huyu ndiye jirani ambaye sisi Wakongomani tunapakana naye kwa mpaka mrefu kuliko wengine wote kati ya tisa tulio nao, zaidi ya kilomita 2,500. Jambo hili linaniuma. Nilifika huko mwenyewe mwaka 2019, kwa treni mpaka baharini, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata. Nitaandika kidogo kidogo. Mwenye cha kuongeza aongeze, mwenye kusahihisha asahihishe.

Nianze na watu. Angola ilihesabu watu wake mwaka 2014, na mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 1970, wakati Wareno bado wanatawala. Yaani miaka 44 nchi ilikwenda bila kujijua idadi. Walipatikana watu 25,789,024. Katika kila watu 100, 47 walikuwa hawajafika miaka 15. Vita viliisha Aprili 2002, kwa hiyo wengi wao ni watoto wa amani. Mimi kila nikiitazama namba hiyo naona madarasa, siyo takwimu.

Jingine: karibu watu milioni 7 kati ya hao walikuwa mkoa wa Luanda peke yake. Zaidi ya robo ya nchi imejikusanya pembeni mwa bahari, wakati huku upande wetu, mikoa ya Moxico na Lunda, unaweza kukaa dirishani mwa treni muda mrefu usione hata paa la nyumba.

Kesho nitaendelea na lugha.

---

Kasapa2 (Lubumbashi)

Mwalimu, heshima. Niko chuo hapa Kasapa. Naomba unieleze: kwa nini wote walikimbilia Luanda? Kwani miji mingine haikuwepo?

---

Mtoto_wa_Gare

Ilikuwepo, na mizuri. Lakini vita vya Angola vilidumu miaka 27, kuanzia uhuru wa tarehe 11 Novemba 1975. Bara ndiko walikopigana. Kuito ilizingirwa miezi tisa, 1993 hadi 1994, watu wakizika ndugu zao uani kwa sababu makaburini hapafikiki. Huambo ilipigwa siku 55 mfululizo mwaka 1993. Mabomu ya ardhini yalifunga mashamba. Mkulima asiyeweza kugusa udongo wake atakwenda wapi? Aliteremka pwani, Luanda, Benguela, Lobito, akajenga kibanda kwenye mchanga.

Na hapo ndipo habari ya lugha inapoingia. Katika ile sensa, watu 71 katika kila 100 walisema wanazungumza Kireno nyumbani. Nyumbani, siyo ofisini. Umbundu ilipata 23, Kikongo na Kimbundu nane nane, Chokwe kama saba (mtu aliruhusiwa kutaja zaidi ya lugha moja). Linganisha na kwetu: ni nyumba ngapi Lubumbashi zinapika, zinagombana na kubembeleza mtoto kwa Kifaransa?

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Wareno waligawa watu: mwenyeji wa kawaida upande huu, na yule waliyemwita "assimilado" upande ule, na huyo alitakiwa athibitishe kwamba anasema Kireno na anaishi kizungu. Utaratibu huo uliondolewa 1961, lakini wazazi walikuwa wameshaelewa mlango uko wapi. Sababu ya pili ni ile ile ya vita. Mtu wa Bié, mtu wa Malanje na mtu wa Uíge wanajenga ukuta kwa ukuta, watoto wao wanacheza pamoja, watasemaje? Watasema Kireno.

Fikiria makambi yetu ya wafanyakazi wa migodi zamani. Aliyetoka Kasai, aliyetoka Ruanda, aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini, wote walitupwa mtaa mmoja, na kilichowaunganisha ni Kiswahili. Kazi iliyofanywa na Kiswahili kwetu ilifanywa na Kireno kwao. Mwenzangu mmoja nilipomweleza hivi alisema basi tumshukuru Mungu. Mimi namshukuru, kweli. Ila sitaki tuwacheke wenzetu. Nilikaa na kijana wa Lobito aliyenieleza, macho yakiwa chini, kwamba bibi yake hajui Kireno na yeye hajui Umbundu, kwa hiyo wakikutana wanashikana mikono tu.

---

MamaShinshari (Lubumbashi, mtaa wa Kenya)

Papa Mwalimu, aksanti sana juu ya ile habari. Siye benye kuuzisha samaki ku soko ya Kenya, ile samaki ya shinshari njo kazi yetu ya kila siku. Inatoka Namibia, inapita Zambia, inaingia na Kasumbalesa mu kamyo ya baridi. Njo minauliza: ba mama ba kule ku Lobito nabo beko na shinshari? Banaipika namna gani? Na banakulaka bukari (ugali) sawa siye?

---

Mtoto_wa_Gare

Mama, swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Shinshari kwao ni "carapau", na ni samaki wa mtu wa kawaida, yeye na sardini. Bahari yao na ya Namibia ni moja: kuna mkondo wa maji baridi unaopanda kutoka kusini, unaitwa mkondo wa Benguela, na maji baridi yale yanalisha samaki wengi ajabu. Mimi nilidhani bahari yote ni ya uvuguvugu kama wanavyosimulia watu wa Mombasa. Nilifika mwezi wa saba, nikavua viatu, nikaingia mpaka kifundo cha mguu, nikatoka mbio. Baridi kama maji ya Lubumbashi alfajiri ya mwezi wa sita. Asubuhi kuna ukungu mzito, hata jua halitoki mpaka saa nne au tano. Majira hayo wanayaita "cacimbo".

Sasa mapishi. Palikuwa na mama mmoja karibu na mchanga, ana nusu pipa lililokatwa, makaa chini, waya juu. Carapau hamtoi kichwa. Anampasua mgongoni mara tatu, anampaka chumvi na kitunguu saumu, anamlaza juu ya waya na hamgeuzi ovyo. Anangoja mpaka ngozi iachie yenyewe. Pembeni kuna sufuria ya maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese mpaka yamekuwa mazito na mekundu, kuna viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi. Juu ya samaki anamwaga vitunguu mbichi vilivyokatwa vidogo na kulowekwa kwenye siki na pilipili. Chakula hicho wanakiita "mufete", na asili yake ni Luanda. Nilikula kwa mkono, naye akacheka kwa furaha, akasema kwa Kireno kitu ambacho mwenzangu alinitafsiria: "Huyu ametoka karibu."

Bukari wanakula. Kaskazini na Luanda ni ya unga wa muhogo, wanaiita "funge", inavutika kama gundi. Kuanzia Benguela na Huambo kwenda kusini ni ya mahindi, na hiyo ungeila bila kujua umetoka nyumbani. Sombe (kisamvu) nayo ipo, jina lake "kizaka". Na Waovimbundu wa nyanda za juu wana kinywaji cha mahindi, "kissangua". Nilipopewa kikombe cha kwanza nilisema kwa sauti: huu ni munkoyo!

---

Kolwezi_Yetu (Kolwezi)

Mwalimu, unaandika vizuri na ninakuheshimu, lakini ruhusu niseme la moyoni. Hapa Kolwezi, Angola siku hizi ni neno moja: "Ushoroba wa Lobito". Wakubwa wanakuja, wanapiga picha, vagoni za shaba na kobalti zinapita zinaelekea baharini. Mwaka 2024 mwezi wa kumi na mbili rais wa Marekani mwenyewe alifika Lobito kwa ajili ya reli hiyo. Sisi tunasimama pembeni ya reli tunahesabu vagoni. Vumbi letu, madini yetu, bahari ya wengine. Utamaduni wa Angola utanisaidia nini mimi?

---

Mtoto_wa_Gare

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, na sitaupinga. Reli ile haikujengwa kwa ajili yetu tangu mwanzo. Mwaka 1902 Mskoti Robert Williams alipata kibali kwa Wareno, kazi ikaanza Lobito mwaka uliofuata, ikafika mpakani 1929, na 1931 shaba ya Katanga ikaanza kuteremka. Kilomita 1,344 ndani ya Angola, kupanda mlima kutoka bahari, kwa jasho la watu ambao wengi wao walilazimishwa. Vita viliikata 1975. Wachina waliijenga upya, ikafika Luau tena 2013 na kufunguliwa rasmi Februari 2015. Mwaka 2023 ikakabidhiwa kampuni za watu binafsi kwa miaka 30. Hesabu yote hiyo ni ya mizigo, uko sawa.

Lakini nataka ujue kwamba njia ya kwenda Benguela ilikuwepo kabla ya chuma. Unaikumbuka Bunkeya, na mfalme Msiri? Yeye alitoka mashariki, mtu wa asili ya Unyamwezi, ambako leo ni Tanzania. Akakaa katikati, hapa kwetu, na mikono yake miwili akainyoosha bahari zote mbili. Misafara ya Waovimbundu kutoka Bié ilikuwa ikifika kwake na bunduki, baruti na vitambaa kutoka Benguela, ikirudi na pembe, shaba na, tuseme ukweli, watumwa. Mmoja wa wake zake wakubwa, Maria da Fonseca, alitoka Angola. Msiri alipouawa Desemba 1891, kwake kulikuwa na watu wanaosema Kinyamwezi, Kisanga, Umbundu na Kireno katika boma moja. Na kabla yake, wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na mwenzake, walitoka Angola kwa miguu, wakapita kwa wafalme wa Kilunda, Mwata Yamvo na Kazembe wa kule Luapula, wakatokea Tete, Msumbiji, mwaka 1811. Walilikata bara toka magharibi hadi mashariki, zaidi ya miaka 40 kabla ya Wazungu wanaosifiwa vitabuni.

Kwa hiyo unaponiuliza utakusaidia nini, mimi nakujibu kama mwalimu: mtoto wa Kolwezi akijua kwamba mababu zake walikuwa wenye njia hii, atasimama pembeni ya reli kwa namna nyingine, na siku akiwa mkubwa atauliza maswali mengine.

---

NduguYaLucapa (Lubumbashi, Katuba)

Mimi naomba niongee, ingawa si mwandishi.

Kaka yangu alikuwa Lunda Norte, upande wa Lucapa, anachimba almasi kwa mkono, miaka sita. Oktoba 2018 walipoondoa wageni kwenye machimbo, alirudi. Watu walikuwa laki na laki, njia nzima ya kuingia Kasai imejaa. Yeye alifika na godoro kichwani na sufuria moja. Hataki kulisikia jina la nchi ile, na sisi nyumbani tuliichukia pamoja naye.

Lakini kuna jambo alilisema mara moja tu. Usiku wa kwanza wa kutembea, familia moja ya Wachokwe iliwafungulia jiko, watu tisa, wakalala, wakapewa muhogo. Yule mzee alimwambia: mpaka huu umechorwa juu ya mgongo wetu, nusu ya watoto wangu wako Kongo. Leo nimesoma uzi huu wote nikaukumbuka.

---

Mtoto_wa_Gare

Ndugu, pole kwa kaka yako. Umeandika vema, usiseme wewe si mwandishi. Yule mzee alisema kweli tupu, na mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, maelfu ya watu wetu waliokimbia mapigano ya Kasai walipokelewa huko huko, Dundo na Lóvua. Vyote viwili vilitokea. Sitaki kimoja kifute kingine.

Na damu ni moja kweli. Musumba, yaani makao makuu ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, iko kwetu, Kapanga. Wachokwe wanasimulia kwamba binti wa mfalme, Luweji, aliachiwa ufalme na baba yake, akaolewa na mwindaji Mluba, Chibinda Ilunga. Kaka yake Chinguli hakukubali, akachukua watu wake akaelekea magharibi. Kutoka kwa hao waliokwenda, wanasema, walizaliwa Wachokwe. Kwa hiyo sanamu ya Chibinda Ilunga ambayo Wachokwe walichonga kwa ustadi mkubwa, mwindaji mwenye kilemba kipana kilichopinda, ni sanamu ya shemeji aliyetoka upande wetu.

---

Virunga_Goma (Goma)

Salamu toka Goma, wazee wa Katanga. Huku kwetu Angola ni mbali kabisa, tunaijua kwa kizomba tu. Kwenye harusi haikosi. Mwalimu, mziki wao umetoka wapi? Na Luanda yenyewe ukoje?

---

Mtoto_wa_Gare

Karibu mtu wa Goma. Mziki si fani yangu, nitasema machache. Mama wa yote ni semba, ya Luanda, na kizomba ilizaliwa miaka ya 1980, ikachukua semba na kuipunguzia mwendo, pamoja na zouk ya visiwa vya Antili. Kuduro ni ya miaka ya 1990, ya vijana, ya kasi. Na rumba yetu imo ndani yao pia: baada ya mapigano ya 1961 Wabakongo wengi wa Angola walikimbilia Léopoldville (Kinshasa ya leo), wakazaa huko, na waliorudi walirudi na Lingala mdomoni.

Luanda sikukaa sana, siku nne. Ulianzishwa 1576 na Mreno Paulo Dias de Novais. Mbele yake kuna ulimi mrefu wa mchanga, "Ilha". Kabla ya Wareno, Ilha ilikuwa mali ya mfalme wa Kongo, maana huko wanawake walikuwa wakizamia makombe madogo ya baharini, "nzimbu", na hayo ndiyo yalikuwa pesa za ufalme mzima hadi Mbanza Kongo. Wao walikuwa na nzimbu, sisi tulikuwa na misalaba ya shaba. Ukiingia jumba la makumbusho hapa Lubumbashi ukaiona ile misalaba, ujue ndugu yake yuko kwenye mchanga wa Luanda.

Bandari hiyo hiyo ilipitisha watumwa zaidi ya milioni 2 kwenda Brazili na kwingineko. Hakuna bandari ya Afrika iliyopitisha wengi kama hiyo. Na wengi hawakuwa watu wa pwani. Walitembezwa kutoka bara, wengine kutoka nchi za Lunda. Nilisimama pale kwenye jumba la makumbusho la utumwa, kajumba kadogo keupe juu ya maji, na sikuweza kusema lolote kwa muda.

Mji wenyewe ni maghorofa ufukweni na mitaa ya "musseque" nyuma yake, jina linalotokana na mchanga mwekundu kwa Kimbundu. Taksi zao ni Hiace za bluu na nyeupe, zinaitwa "candongueiro". Wanawake wenye beseni kichwani, mtoto mgongoni, wanatembea toka asubuhi hadi giza wakiita bidhaa: "zungueira". Mama zetu wa Lubumbashi wangewatambua bila mkalimani. Mtu mkubwa anaitwa "kota", na kijana akilisema neno hilo anashusha sauti kidogo, kama sisi tunavyosema mzee.

---

Kasapa2

Mwalimu, tusimulie hiyo safari ya treni.

---

Mtoto_wa_Gare

Kolwezi hadi Dilolo ni zaidi ya kilomita 400 za barabara mbaya; hapo nisikuchoshe. Ukivuka Luau unarudisha saa nyuma, saa moja nzima. Nilifikiri: baba alikuwa akiipata zawadi hii ya saa moja kila safari, halafu anairudisha.

Treni ilitumia siku mbili. Luena, Kuito, Huambo. Huambo iko juu kuliko Lubumbashi, kama mita 1,700, na usiku wake unahitaji koti. Ulianzishwa 1912, miaka miwili tu baada ya mji wetu, na kama wetu uliletwa na reli. Karakana kubwa za treni zilikuwa huko. Bado kuna kuta zenye matundu ya risasi, na chini ya moja niliona kijana amepanga vitabu vya shule anauza.

Ndani ya behewa nilikaa na mama wa Kiovimbundu. Hatukuwa na lugha. Akaanza kunionyesha vitu dirishani na kuvitaja: "ongombe". Ng'ombe. "Ombwa". Mbwa. Nikaanza kumwambia na mimi, akarudia akipiga makofi mapajani. Tulikwenda hivyo hadi giza lilipoingia, na alipotaka kuniambia tunakokwenda alinyoosha mkono magharibi akasema neno ambalo lilinisimamisha nywele: "okalunga".

Kalunga! Nkambo wangu mzaa mama, Mchokwe wa Kasaji, alikuwa akiomba kwa jina hilo. Kalunga ni Mungu. Sikujua kwamba kwa watu wa pwani, kwa Umbundu na kwa Kimbundu, neno hilo hilo ni bahari.

Asubuhi tulipita Benguela, mji wa 1617 wenye miti ya maua mekundu, halafu Catumbela, halafu Lobito. Reli inaishia bandarini. Kuna ulimi wa mchanga unaoikinga bandari na mawimbi, wanauita "Restinga", na nyuma yake maji ya chumvi yaliyotuama yenye flamingo. Nilikuwa na lile ganda la baba mfukoni. Nilitaka kuliacha pale. Nilishindwa, nikarudi nalo.

---

Dilolo_Posta (Dilolo)

Mwalimu wa Kasaji, karibu nyumbani. Kama nkambo wako alikuwa Mchokwe wa kweli, je, hakukuchorea mchangani?

---

Mtoto_wa_Gare

Alinichorea! Nilikuwa nataka kufika hapo.

Ile sanaa inaitwa sona, na mwaka 2023 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa jina la Angola. Nkambo alikuwa anafagia uwanja, anasawazisha vumbi kwa kiganja. Anachukua vidole viwili, anachoma nukta mbili mbili, anasogeza, anachoma tena, kidole kimoja kikiingia kwenye tundu la nyuma ili nafasi isipotee. Nukta zikishajipanga, anaanza mstari mmoja kwa kidole kimoja, unazunguka nukta, unajipita wenyewe, na hauinuliwi mpaka urudi ulikoanzia. Mkono ukisita, umeharibu. Na wakati wote anasimulia.

Moja nililolishika ni hili. Jua lilikwenda kwa Kalunga, likatembea mpaka likafika. Likapewa jogoo. Asubuhi Kalunga akasema: nimemsikia jogoo wako, mchukue, ila uwe unarudi hapa kila siku. Mwezi nao ukaenda, ukapewa jogoo, akawika, ukaambiwa urudi kila baada ya siku 28. Mtu naye akaenda. Akapewa jogoo wake. Lakini alikuwa amechoka na safari, njaa inamuuma, usiku akamchinja akala nusu. Asubuhi alipoamka jua lilikuwa juu, akamaliza nusu nyingine, akaenda. Kalunga akamuuliza: jogoo wako sikumsikia. Mtu akasema, nilikuwa na njaa. Basi Kalunga akamwambia: wenzako hawakuua, ndiyo maana hawafi. Wewe umeua wako, nawe utakufa. Ila ukifa, utarudi kwangu.

Nkambo akifika hapo mstari ulikuwa unafunga, kisha anafuta kwa kiganja chake. Hakuna aliyewahi kutupigia picha. Nimejaribu mara nyingi kuuchora ule mchoro na sijawahi kuufunga.

---

Dilolo_Posta

Usianze na ule, ni mgumu. Babangu alitufundisha kwanza njia ya kuku anayefukuzwa: nukta zako zikae wima, mstari upite mshazari kati yake, ukifika ukingoni uzunguke nukta ya mwisho ndipo ugeuke, usikate kona. Wengi wanakosea hapo, wanageuka kabla ya kuzunguka. Na mdomo usinyamaze. Ukinyamaza, mkono unaanza kufikiri na kusita.

---

MamaShinshari

Mwalimu, ujaribishe kesho mu kivanda ya masomo, na batoto bakuwe pale. Halafu uniambie siku gani. Nitatuma wangu bawili.

---

Mtoto_wa_Gare

Alhamisi, mama, baada ya kengele ya saa sita. Walete. Dilolo_Posta, aksanti sana. Leo jioni nimezunguka nukta ya mwisho kabla ya kugeuka, nikisimulia kwa sauti peke yangu uani, na mara ya tatu mstari umerudi ulikoanzia.